Vitendawili vya Safari za Wakati na Vitanzi vya Sababu katika Hadithi za Kisayansi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi, walimu na waandishi chipukizi wa Dodoma na wilaya za jirani wanaojaribu kuandika hadithi za kubuni za kisayansi kwa Kiswahili. Mifano mingi tumeiweka Ugogo kwa makusudi, kwa kuwa kosa la mantiki huonekana upesi zaidi likitokea mahali unapopafahamu. Nadharia za wanafizikia na wanafalsafa tumezitaja kwa majina ya wenyewe.

Kitendawili cha safari ya wakati ni nini hasa?

Ni hali inayojitokeza pale mhusika anaporudi wakati uliopita na kufanya huko jambo linalogusa kile kilichomwezesha kurudi. Kitendo chake kinaweza kukizuia chanzo chake chenyewe, na hapo tunapata mgongano, yaani jambo lilelile limetokea na halikutokea. Kinaweza pia kukizaa chanzo hicho, na hapo tunapata kitanzi cha sababu, ambamo kila tukio lina tukio lililolisababisha, ila mlolongo wote hauna mwanzo.

Wengi huyaweka mambo haya mawili katika kapu moja na kuyaita yote vitendawili, na sehemu kubwa ya miswada inayoharibika huharibikia hapo. Mgongano hauwezi kutokea katika hadithi inayoheshimu mantiki, hata mwandishi awe na ufundi gani. Kitanzi kinaweza kutokea. Kinachosumbua ni kwamba kinashangaza. Majibu mengi yanayofuata yanategemea tofauti hiyo.

Kitendawili cha babu kinakwendaje?

H. G. Wells, aliyeipa mashine ya wakati umaarufu mwaka 1895, hakusumbuka nacho sana, kwa sababu msafiri wake alikwenda mbele hadi mwaka 802,701, na anayekwenda mbele hana babu wa kumdhuru. Umbo linalojulikana zaidi huhusishwa na mwandishi wa Ufaransa René Barjavel, ambaye katika riwaya ya miaka ya 1940 alimpeleka msafiri wake kwenye mazingiwa ya Toulon ya mwaka 1793 akiwa na nia ya kumuua Bonaparte, lakini akamuua mhenga wake mwenyewe aliyejitokeza katikati. Kama mhenga alikufa bila mtoto, msafiri hakuzaliwa. Kama hakuzaliwa, hakuna aliyefyatua risasi. Na kama hakuna aliyefyatua, mhenga aliishi na msafiri akazaliwa.

Kwa wasomaji wa kwetu, hadithi ya kumuua babu huanza vibaya kabla mantiki haijafika, maana msomaji hushughulika na laana itakayompata mjukuu na kukisahau kitendawili chenyewe. Wala damu haihitajiki. Chukua mhusika wa kubuni, Nyemo, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Dodoma, anayejikuta katika stesheni ya reli mwaka 1954, siku ambayo babu yake, kijana kutoka Manyoni, aliteremka kwenye treni ya Reli ya Kati na kuonana kwa mara ya kwanza na binti aliyekuwa akiuza karanga kando ya reli. Nyemo anamsimamisha kijana yule, anamuuliza njia, anamchelewesha kidogo, na binti anajitwisha sinia lake na kuondoka. Hakuna posa, hakuna ng'ombe wa mahari, mama yake Nyemo hazaliwi, na Nyemo mwenyewe hayupo. Ni nani basi aliyeuliza njia?

Je, ina maana Nyemo hawezi kumchelewesha babu yake?

Hili ndilo swali tunalolipenda kuliko yote, na jibu bora tunalolijua ni la mwanafalsafa wa Marekani David Lewis, aliyeandika mwaka 1976 kwamba neno la kuweza hutegemea ni mambo gani tunayoyazingatia tunapolitamka. Tukizingatia kwamba Nyemo ana miguu, ana sauti, yupo stesheni na babu yuko hatua chache mbele yake, anaweza. Tukizingatia pia kwamba Nyemo amezaliwa, na kwa hiyo babu na bibi walionana, hawezi. Kauli hizo mbili hazipingani, kwa sababu kila moja inapimwa kwa mambo tofauti. Nyemo atajaribu, na hatafanikiwa, na atakwama kwa sababu ya kawaida kabisa: atateleza, atamkosea mtu, atakohoa wakati wa kusema, au moyo utamlegea.

Tunasisitiza hiyo sababu ya kawaida kwa kuwa waandishi wengi, wakifika hapa, huleta nguvu isiyoonekana inayolinda wakati: radi inapiga, mkono unakufa ganzi, mtambo unazimika wenyewe. Hadithi ikishaanza kujilinda kwa miujiza, msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini muujiza huo haukumzuia Nyemo asipande mtambo tangu mwanzo.

Kuna suluhisho la hali ya juu zaidi, nalo ni kuufanya uzuiaji wenyewe uwe sehemu ya yale yaliyotokea. Nyemo amelelewa vizuri, akimwona babu yake, hata kama ni kijana wa rika lake, mdomo utamtangulia na kusema "Shikamoo, babu." Kijana wa Manyoni, ambaye hajawahi kuitwa babu na mtu yeyote, atasimama kwa mshangao. Akisimama, umati wa abiria utampita, na kwa kuwa umati umempita atabaki karibu peke yake kando ya reli pamoja na binti anayehesabu karanga zilizobaki. Kumbe kuchelewa kwake ndiko kulikowakutanisha. Nyemo hakubadilisha kitu. Alikamilisha kile alichokuja kukizuia.

Je, kuna msingi wowote wa kisayansi wa mawazo hayo?

Upo. Mwanafizikia wa Urusi Igor Novikov alitetea katika miaka ya 1980 kanuni isemayo kwamba, iwapo njia za kurudi nyuma katika wakati zipo, matukio pekee yanayoweza kutokea humo ni yale yanayopatana yenyewe kwa yenyewe. Mwanafizikia Joseph Polchinski akaipa kanuni hiyo mtihani: mpira wa biliadi unaingia katika njia ya mkato ya anga na wakati, unatokea upande wa pili kabla haujaingia, unajigonga wenyewe na kujizuia usiingie. Mpira hauna moyo wa kulegea wala mguu wa kuteleza, kwa hiyo ilionekana kwamba hapo hakuna pa kutorokea.

Wanafunzi wa mwanafizikia Kip Thorne, Fernando Echeverria na Gunnar Klinkhammer, walipoufanyia tatizo hilo hesabu, waligundua kwamba kuna jibu lisilo na mgongano. Mpira unaotokea unaugusa ule wa awali pembeni tu. Mguso huo unaupotosha kidogo lakini bado unaingia, na kwa kuwa umeingia kwa pembe iliyopotoka, unatokea kwa pembe inayoupa mguso wa pembeni. Walipata majibu mengi ya namna hiyo kwa mwanzo uleule mmoja. Ile "Shikamoo, babu" ya Nyemo ni mguso wa aina hiyohiyo.

Kitanzi cha sababu ni nini?

Tuseme Nyemo amejifunza wimbo kutoka kwenye kanda ya zamani iliyorekodiwa na mzee mmoja mpiga zeze wa Chamwino. Anarudi nyuma miaka mingi kabla ya kanda hiyo, anakaa jioni na watu wanaota moto, anauimba wimbo ule, na mtoto mmoja anaushika. Mtoto anakua, anakuwa mpiga zeze, anazeeka, na siku moja anaurekodi wimbo huo kwenye kanda ambayo Nyemo ataisikiliza.

Muulize Nyemo wimbo aliupata wapi, atakuambia ni kwa mzee. Muulize mzee, atakuambia alifundishwa utotoni na mgeni mmoja wa kike ambaye hakumwona tena. Wote wawili wanasema kweli. Hakuna hatua hata moja isiyo na maelezo, na bado hakuna aliyeutunga wimbo.

Je, kitanzi kama hicho si kosa la mantiki?

Si kosa. Rudia mlolongo wote tangu mwanzo wowote unaoutaka, hutakuta mahali ambapo jambo limetokea na wakati huohuo halikutokea. Kinachokosekana ni asili, na kukosa asili si sawa na kujipinga. Anayesema kitanzi hakiwezekani inabidi aonyeshe ni kwa nini kila kitu lazima kiwe na mwanzo, na hilo ni dai la falsafa ambalo mantiki peke yake haiwezi kulithibitisha.

Tatizo halisi linajitokeza kinapozunguka kitu chenye mwili. Badala ya wimbo, tuseme Nyemo anamwachia mtoto yule zeze lenyewe, na mzee anamkabidhi Nyemo zeze hilohilo kabla hajafa. Zeze hilo halikuchongwa na fundi yeyote. Lakini mti hupata ufa, ngozi hukauka, nyuzi hulegea. Zeze lililokaa mikononi mwa mzee kwa miongo kadhaa haliwezi kurudi kwa mtoto likiwa na ufa ambao mtoto alipolipokea haukuwepo, kwa sababu ni zeze lilelile na makabidhiano ni yaleyale. Sheria ya pili ya thermodainamiki inasema mfumo ulioachwa peke yake hauendi kwenye mpangilio bora zaidi, kwa hiyo ni lazima mtu fulani, mahali fulani katika mzunguko, atumie nguvu kulirudisha zeze katika hali iliyokuwa mwanzo, chembe kwa chembe. Mwandishi anayelijua hili anaweza kulitumia vizuri sana. Asiyelijua atasutwa na mwanafunzi wa kidato cha nne.

Novikov na mwenzake Andrei Lossev, katika makala ya mwaka 1992, waliviita vitu vya namna hiyo majini ya mashine ya wakati, wakiyagawa mafungu mawili: majini ya vitu vyenye umbo, kama zeze, na majini ya taarifa, kama wimbo. Tunadhani hakuna wasomaji duniani watakaoipokea istilahi hiyo kwa urahisi kama wa Kiswahili.

Kama jini la taarifa halichakai, kwa nini mnatuonya tusilitumie ovyo?

Kwa sababu linampa mwandishi mali isiyotolewa jasho. Tumesoma hadithi nyingi ambamo daktari anapokea kanuni ya dawa kutoka kwake mwenyewe wa baadaye, anaiandika, na akizeeka anarudi kujikabidhi. Dawa inaponya, lakini hakuna aliyefanya jaribio, aliyekosea kipimo wala aliyekesha maabara. Mwanafizikia David Deutsch, katika makala yake ya mwaka 1991 kuhusu njia za kurudi nyuma katika wakati, aliliona tatizo hili kuwa zito kuliko kitendawili cha babu, kwani maarifa ni zao la kazi ya kutatua matatizo, na kitanzi kinayaleta bila kazi hiyo kufanyika.

Wimbo wa zeze tunauvumilia kwa kuwa kutokuwa na mtunzi kunaongeza siri yake. Dawa ya ugonjwa haina siri ya kuongeza. Inaonekana tu kwamba mwandishi alikwepa sehemu ngumu ya hadithi.

Je, mtu anaweza kuwa kitanzi?

Robert Heinlein alilipeleka wazo hili hadi mwisho wake katika hadithi fupi ya mwaka 1959, ambamo mhusika mmoja, kwa safari za wakati na kubadilishwa jinsia, anageuka kuwa mama na baba wa nafsi yake mwenyewe. Haina mgongano hata mmoja. Hatushauri kuiga, kwa sababu baada ya hapo kila jaribio huonekana nakala, na katika jamii ambazo mtu hutambulishwa kwa ukoo wake, mhusika asiye na ukoo wowote nje ya nafsi yake anahitaji uandishi mzito kuliko hila ya njama.

Tukiamua kwamba historia inabadilika, tunapata shida gani?

Tunapata shida ya kusudi, ambayo haizungumzwi sana ingawa inaua hadithi nyingi kuliko babu yeyote. Mfano mzuri uko Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, na Kongwa ikawa moja ya vituo vyake pamoja na Urambo na Nachingwea. Walikusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Vichaka viliharibu matrekta, udongo ulikauka na kuwa mgumu kiasi kwamba karanga hazikung'oka, na mvua haikuwa ile waliyoitarajia. Mradi uliachwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36.

Sasa mwandishi anamtuma ofisa kilimo wa leo arudi 1947 na takwimu za mvua mkononi. Akiwashawishi, mradi haufanyiki. Usipofanyika, hakuna anguko maarufu la Kongwa, hakuna somo linalofundishwa, na ofisa wetu, aliyezaliwa katika nchi ambayo haijawahi kusikia habari ya mradi huo, hana sababu ya kupanda mtambo. Kufaulu kwake kunafuta nia yake. Tofauti na Nyemo, ofisa huyu bado yupo; kilichopotea ni kisa cha safari, na kikipotea kisa, safari nayo inapotea, na mradi unarudi palepale.

Aidha, matukio hayakai pekee. Kuanzia mwaka 1964 Kongwa ilikuwa na kambi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, wakiwemo wa FRELIMO, ANC na SWAPO. Anayeigeuza Kongwa ya 1947 lazima aamue Kongwa ya 1964 itakuwaje. Ray Bradbury, katika hadithi yake ya mwaka 1952, alionyesha kipepeo mmoja aliyekanyagwa enzi za dinosauri akigeuza matokeo ya uchaguzi. Hapa hatuzungumzii kipepeo, bali maelfu ya wafanyakazi na reli. Mwandishi anayebadilisha kitu kikubwa namna hiyo halafu akakuta Dodoma ya leo ileile, Bunge palepale na majirani walewale, hajaibadilisha historia, ameipaka rangi.

Suluhisho la kipatanifu bado lipo: ofisa anafika, anatoa onyo, onyo linaandikwa na kufungiwa katika jalada, na hakuna anayelisoma. Kwa wanaozijua ofisi, hilo halihitaji maelezo ya kifizikia.

Je, si rahisi kusema tu kwamba msafiri ameunda ulimwengu mwingine?

Ni rahisi, na ndiyo maana hutumiwa kupita kiasi. Wazo hili huegemezwa kwenye tafsiri ya fizikia ya kwanta iliyotolewa na Hugh Everett mwaka 1957, ambayo huelezwa kuwa ulimwengu hugawanyika katika matawi mengi, na Deutsch alilitumia kuonyesha jinsi msafiri anavyoweza kutokea katika tawi tofauti na alilotoka. Nyemo anamchelewesha babu wa tawi la pili. Babu wa tawi la kwanza alishamwoa bibi na kumzaa mama yake. Mgongano umekwisha.

Umekwisha kwa gharama, nayo ni ya kimaadili. Kati ya mwaka 1917 na 1920 Ugogo ilipatwa na njaa kuu iitwayo Mtunya, iliyotokana na ukame pamoja na majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza, ya Wajerumani na kisha ya Waingereza, kuchukua nafaka, mifugo na vijana wa kubeba mizigo. Msafiri anayekwenda na magunia ya mtama katika ulimwengu wa matawi anawaokoa watu, na hilo ni jema, lakini wale aliosimuliwa habari zao na bibi yake bado wamekufa katika tawi alikotoka. Hajaondoa msiba, ameongeza ulimwengu ambao hauna msiba huo. Mwandishi anayelitazama jambo hili usoni anaweza kuandika hadithi nzuri mno. Anayelipita, akamwacha mhusika afurahie kana kwamba wafu wake mwenyewe wamefufuka, anamdanganya msomaji.

Kwenda mbele katika wakati kunaleta kitendawili?

Hakuleti, na tena tunakwenda mbele kwa mwendo usio sawa kila siku. Kwa mujibu wa nadharia ya uhusianifu ya Albert Einstein, saa iliyo juu zaidi kutoka usawa wa bahari hukimbia kidogo kuliko iliyo chini. Dodoma iko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo saa sahihi kabisa iliyowekwa hapa huitangulia ya ufukweni Dar es Salaam kwa takriban sehemu kumi za bilioni za sekunde kila siku. Mkazi wa hapa akitimiza miaka sitini amemzidi umri pacha wake wa pwani kwa pungufu ya robo ya elfu moja ya sekunde. Abiria wa treni ya SGR iendayo kilomita 160 kwa saa, kwa sababu ya mwendo huo peke yake, hujiokolea katika safari nzima kidogo zaidi ya sehemu moja ya bilioni kumi ya sekunde, ambayo haimtoshi hata kupepesa jicho. Setilaiti za GPS zinapaswa kurekebishwa kwa sababu hizohizo, kwa kuwa saa zake zingetangulia zile za ardhini kwa mikrosekunde 38 kila siku.

Kurudi nyuma ndiko kwenye utata. Kurt Gödel alionyesha mwaka 1949 kwamba milinganyo ya Einstein inaruhusu ulimwengu unaozunguka, ambamo mtu angeweza kusafiri na kuufikia wakati wake uliopita, ingawa ulimwengu wetu hauonekani kuwa wa aina hiyo. Mwaka 1992 Stephen Hawking alipendekeza kwamba sheria za fizikia huzuia mashine za wakati zisiundike. Tarehe 28 Juni 2009 aliandaa karamu ya wasafiri wa wakati na kutoa mialiko baada ya karamu kwisha. Hakuja mtu.

Kwa nini mtambo unatua palepale ulipoondokea, wakati dunia inazunguka jua?

Ni pingamizi halali. Dunia huenda takriban kilomita 30 kwa sekunde, kwa hiyo anayeruka saa moja tu nyuma angeiacha dunia umbali wa zaidi ya kilomita laki moja. Ila pingamizi hilo linadhani kuna mahali palipotulia kabisa angani, na uhusianifu unakataa jambo hilo. Sema mtambo wako umefungwa na uvutano wa dunia, kisha endelea na hadithi.

Utabiri nao ni kitanzi cha sababu?

Unaweza kuwa. Mtu anaambiwa kwenye ramli kwamba atakufa maji, anahama kando ya bwawa la Mtera kwenda kuishi mbali, na njiani gari lake linasombwa na mafuriko ya korongo. Taarifa ya kesho imesababisha kesho yenyewe, bila mtambo wowote. Tunawashauri wanaoanza waandike kwanza hadithi ya aina hii, kwa kuwa ina kitanzi kimoja tu na makosa yake huonekana upesi.

Je, fasihi ya Kiswahili ina chochote cha kujifunzia?

Ina zaidi ya inavyodhaniwa, ingawa haijabandikwa jina la sayansi. Riwaya za Euphrase Kezilahabi za *Nagona* na *Mzingile*, zilizotoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, zimeuacha wakati ulionyooka na kuwaweka wahusika katika mizunguko ambamo mwanzo na mwisho hukutana. Hazina mtambo wala fomula, lakini mwandishi wa vitanzi atajifunza humo jinsi ya kumpoteza msomaji kwa makusudi bila kumdharau.

Wengine hutuuliza kuhusu John Mbiti, mwanafalsafa wa Kenya aliyedai mwaka 1969 kwamba wakati katika fikra za Kiafrika unaelekea nyuma, kutoka Sasa kwenda Zamani, na kwamba wakati ujao wa mbali karibu haupo. Dai hilo limepingwa na wengi, akiwemo Kwame Gyekye wa Ghana, na sisi pia hatuoni kama linamfunga mwandishi. Lakini picha yenyewe, ya matukio yanayotuacha na kuzama kwenye Zamani, ni mali ghafi nzuri kwa mtu anayetaka kubuni sheria ya wakati isiyoazimwa kwenye filamu za Marekani.

Nianze vipi kuandika ili nisijipinge?

Amua kwanza sheria moja kati ya tatu: historia moja isiyobadilika, historia moja inayobadilika, au matawi. Usiitaje lazima kwa msomaji, lakini usiivunje. Kosa tunalokutana nalo kuliko yote ni la hadithi inayoanza na historia isiyobadilika, ikafika katikati, mwandishi akampenda mhusika aliyepaswa kufa, akaingiza matawi ili amwokoe.

Kisha chora jedwali la safu mbili kwa kila mhusika anayesafiri. Safu ya kwanza iwe ya wakati wa kalenda, ya pili iwe ya wakati wake binafsi, yaani ule unaopimwa na saa ya mkononi mwake, njaa yake na mvi zake; tofauti hii nayo tumeipata kwa Lewis. Kwa kalenda, Nyemo wa 1954 yuko kabla ya Nyemo wa chuo kikuu. Kwa wakati wake binafsi yuko baada. Andika katika safu hiyo ya pili kila anachokijua, kila alichokibeba na kila jeraha alilonalo. Ukifika mahali ambapo mhusika anakumbuka jambo ambalo safu yake binafsi haijalifikia, au mfukoni ana barua ambayo hajakabidhiwa, rudi nyuma urekebishe kabla ya kuandika sura inayofuata, kwa sababu kosa la namna hiyo likiachwa huhitaji kosa jingine la kulificha, na yakifika matatu muswada hautengenezeki tena.